Dawa ya Kuzuia Kutu ya Mwili

Ndugu msomaji, ukiacha jembe lako nje wakati wa mvua, baada ya siku chache utaliona limekuwa jekundu kwa kutu. Ukikata ndizi na kuiacha mezani, itageuka nyeusi. Mawese yaliyokaa muda mrefu katika chupa isiyo na kizibo hubadilika harufu na kuwa machungu. Mambo haya matatu yana chanzo kimoja. Ni kazi ya oksijeni, ile sehemu ya hewa tunayoivuta ili tupate kuishi.

Siku hizi wako wauzaji wanaopita sokoni na vijijini wakiwa na chupa na vidonge. Husema, “Mwili wako unaingia kutu. Dawa hii inaondoa kutu, inasafisha damu, inazuia uzee na kansa na magonjwa yote.” Bei ya chupa ni kubwa. Baba anauza mbuzi, mama anatoa fedha za shule, ili wainunue. Je, maneno ya muuzaji ni kweli? Sehemu moja ni kweli na sehemu moja ni uongo. Yafaa tuzitenganishe, kama mama anavyopepeta mchele.

Katika somo hili tutaeleza dawa moja ya namna hii. Jina lake ni asetilisisteini. Tutaona jinsi inavyotumiwa katika labo, yaani chumba cha kupimia. Tutaona mahali iliposhindwa, na mahali inapookoa watu kweli. Mwisho tutafika kwenye jambo linalohusu kila nyumba yenye vidonge vya parasetamoli.

OKSIJENI NI KAMA MOTO WA JIKONI

Moto wa jikoni hupika bugali, na pasipo moto hatuli. Lakini moto huohuo hutoa cheche, na cheche ikiruka kwenye nyasi za paa, nyumba inaungua. Oksijeni ni vivyo hivyo. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, ambazo jicho haliwezi kuziona. Kila chembe hutumia oksijeni ili kupata nguvu katika chakula. Katika kazi hiyo cheche hutokea. Moja ya cheche hizo ni peroksidi ya haidrojeni. Labda umeiona hospitalini: ni yale maji yanayotoa povu yakimwagwa juu ya kidonda.

Cheche hizi zikiwa nyingi huharibu ukuta wa chembe na vitu vilivyo ndani yake. Lakini mwili haukosi walinzi. Mwaka 1969, wataalamu wawili wa Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, walieleza mlinzi mmoja ambaye kazi yake ni kuzima cheche za namna fulani. Mlinzi mwingine huitwa glutathioni. Yumo katika chembe zote, na katika maini ni mwingi sana. Mwili humtengeneza kwa vitu vitatu vinavyotoka katika chakula chenye nguvu ya kujenga mwili. Kimoja cha vitu hivyo ni sisteini, nacho ndicho kinachokosekana upesi.

Cheche zikizidi walinzi, wataalamu husema kwamba mwili una mkazo wa oksijeni. Na kitu chochote kinachosaidia kuzima cheche huitwa antioksidanti.

Lakini angalia jambo moja. Si kila cheche ni adui. Chembe nyeupe za damu hutumia cheche hizohizo kuua vijidudu vya ugonjwa. Mtu anayezima moto wote jikoni hatapona njaa.

SAHANI NNE ZA LABO

Asetilisisteini ni unga mweupe, wenye harufu kama ya yai viza. Ikiingia ndani ya chembe hugeuka kuwa sisteini, na kwa sisteini hiyo chembe hutengeneza glutathioni mpya. Kwa hiyo wafanyakazi wa labo huipenda sana. Wakitaka kujua kama ugonjwa fulani unaletwa na cheche za oksijeni, huitia dawa hii wakaona kama madhara yanapungua.

Kazi inafanywaje? Chembe huwekwa katika sahani ndogo pamoja na maji ya chakula, na kutunzwa katika sanduku lenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Kisha huandaliwa sahani nne.

Sahani ya kwanza haitiwi kitu.

Sahani ya pili hutiwa peroksidi peke yake.

Sahani ya tatu hutiwa asetilisisteini kwanza, na baadaye peroksidi.

Sahani ya nne hutiwa asetilisisteini peke yake.

Pia hutiwa rangi moja ya ajabu, ambayo hutoa nuru ya kijani inapoguswa na cheche. Katika sahani ya pili nuru ni nyingi na chembe nyingi hufa. Kama dawa inafaa, katika sahani ya tatu nuru ni kidogo na chembe nyingi huishi.

Labda utauliza, “Sahani ya kwanza na ya nne ni za nini?” Hizo ndizo mashahidi. Pasipo sahani ya kwanza, hatujui kama chembe zingekufa zenyewe, kwa joto au kwa uchafu. Pasipo sahani ya nne, hatujui kama dawa yenyewe inadhuru. Na inaweza kudhuru kweli, maana asetilisisteini ni kali kama ndimu. Mfanyakazi asiyepunguza ukali huo kwanza ataua chembe zake, kisha atafikiri kwamba amevumbua jambo kubwa.

Tena maji ya dawa hii yafaa kutengenezwa mapya, kwa sababu yakikaa, oksijeni ya hewa huyaharibu. Dawa ya kuzuia kutu nayo huingia kutu! Na kama dawa na peroksidi zimo pamoja katika maji yale yale, haijulikani kama dawa ilisaidia ndani ya chembe au nje tu. Kwa hiyo mfanyakazi mwangalifu huosha chembe kabla ya kutia peroksidi. Naye hurudia kazi yote mara kadhaa, katika siku mbalimbali, kabla ya kuamini alichokiona.

Ndugu, hekima hii ya sahani nne inafaa hata kijijini. Mtu akikuambia, “Nilikunywa majani haya nikapona mafua,” umwulize, “Na jirani yako ambaye hakuyanywa, hakupona?” Kama wote wawili walipona, majani hayana sifa.

SAHANI SI MTU

Sasa muuzaji wa chupa atasema, “Mmeona! Katika labo dawa imeokoa chembe. Basi nunueni.” Hapa ndipo uongo unapoingia.

Chembe katika sahani haina tumbo, wala maini, wala figo. Dawa humwagwa juu yake moja kwa moja. Lakini mtu akimeza asetilisisteini, matumbo na maini huishika kwanza, na sehemu iliyo ndogo, kama 1 katika 10 au pungufu, ndiyo inayofika katika damu ya mwili mzima ikiwa bado kama ilivyomezwa. Tena chembe hupimwa kwa saa au siku chache, bali mtu huishi miaka. Kwa hiyo jibu la sahani ni swali jipya tu. Halijawa dawa.

Tutazame mifano miwili ya kweli.

WATOTO WA MALAWI

Wengi wetu tumewaona watoto wenye kwashiorkor, ugonjwa ambao Kivu huitwa bwaki. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, mtoto hataki kula wala kucheza. Wataalamu waliona kwamba damu ya watoto hao ina glutathioni kidogo. Huko Jamaica, mwaka 2002, ilielezwa kwamba watoto wagonjwa waliopewa asetilisisteini hospitalini walianza kutengeneza glutathioni upesi zaidi kuliko wengine. Basi watu wakatumaini: labda tukiwapa watoto dawa hii kabla hawajaugua, bwaki haitawapata.

Jambo hilo lilipimwa nchini Malawi, na matokeo yalitolewa mwaka 2005. Watoto 2,372 wenye umri wa mwaka 1 mpaka miaka 4 waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu moja lilipewa unga wenye asetilisisteini, vitamini E, seleniamu na riboflavini. Fungu la pili lilipewa unga usio na dawa. Wazazi hawakujua ni upi, wala wale waliowapima watoto. Kazi iliendelea kwa majuma 20.

Watoto waliopata dawa walivimba 39. Wale wasiopata dawa walivimba 23. Dawa haikuwakinga.

Je, kazi hiyo ilikuwa bure? Hapana. Iliwaokoa wazazi wengi wasitupe fedha zao. Mama mwenye mtoto dhaifu asitafute chupa ya antioksidanti. Afadhali anunue maharagi, karanga, samaki au mayai, ampime mtoto kwa mizani kila mwezi, na kumleta upesi akiona miguu inavimba.

WAVUTAJI WA SIGARA WA FINLAND

Mfano wa pili watoka Finland, katika Ulaya ya kaskazini. Ilionekana kwamba watu walao mboga nyingi hupata kansa ya mapafu kidogo kuliko wengine. Mboga zina betakarotini, antioksidanti ile inayopaka karoti rangi yake, na mawese yetu mekundu pia. Basi watu walifikiri kwamba kidonge cha betakarotini kitawakinga wavutaji wa sigara.

Wanaume 29,133 waliovuta sigara walikubali kupimwa. Wengine walipewa betakarotini miligramu 20 kila siku, wengine hawakupewa. Walifuatwa kwa miaka 5 mpaka 8. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, watu walishangaa. Kansa ya mapafu ilikuwa imezidi kwa 18 katika kila 100 kati ya wale waliopewa vidonge. Huko Marekani kazi nyingine kama hiyo ilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu ileile.

Usiogope mawese ya chakula chako. Kilichopimwa ni vidonge, tena kwa watu wavutao sigara. Fundisho ni hili: kitu kilicho chema ndani ya chakula si lazima kiwe chema kikifanywa kidonge kikali. Na mvuta sigara anayetaka kukinga mapafu yake hana dawa nyingine ila kuiacha sigara.

MAHALI DAWA HII INAPOOKOA

Sasa tuje kwenye sehemu ya kweli.

Parasetamoli ni dawa njema. Hupunguza homa na maumivu, nayo hupatikana katika kila duka. Lakini mwaka 1966 waganga wa Uingereza waliandika kwamba watu waliomeza parasetamoli kupita kiasi walikufa kwa kuharibika maini. Kwa nini? Hakuna aliyejua.

Jibu lilitoka katika labo. Mwaka 1973, wataalamu wa Bethesda huko Marekani walieleza kazi waliyoifanya kwa panya. Waliona kwamba maini hugeuza sehemu kubwa ya parasetamoli kuwa kitu kisichodhuru. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Glutathioni huikamata sumu hiyo na kuitoa. Lakini dawa ikizidi, akiba ya glutathioni huisha, kama ghala linavyokwisha wakati wa njaa. Hapo sumu hushika chembe za maini zenyewe na kuziua. Panya waliopunguziwa glutathioni waliumia zaidi. Panya waliopewa sisteini walikingwa.

Basi waganga wakatafuta njia ya kujaza ghala la mtu aliyemeza dawa nyingi. Glutathioni yenyewe haiingii vema katika chembe. Dawa nyingine waliyoijaribu ilisaidia, lakini iliwatapisha wagonjwa vibaya. Asetilisisteini ilikuwa tayari katika hospitali tangu miaka ya 1960, ikitumiwa kulainisha makohozi mazito ya kifuani. Mganga Laurie Prescott wa Edinburgh, huko Scotland, aliitia katika mshipa wa damu, kwa njia ya serumu.

Mwaka 1979 alitoa hesabu ya wagonjwa 100. Kati ya wagonjwa 62 waliotibiwa kabla ya saa 10 kupita, ni mmoja tu aliyeharibika maini vibaya. Kati ya wagonjwa 57 wa zamani ambao hawakupata dawa hii, 33 waliharibika. Na wale 40 walioanza kutibiwa kabla ya saa 8 kupita walikingwa karibu kabisa. Leo asetilisisteini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya sumu hii.

Unaona tofauti? Dawa ni ileile. Kwa mtoto wa Malawi ambaye hajaugua haikufaa kitu. Kwa maini yaliyomaliza akiba kwa sababu ya parasetamoli, inaokoa uhai. Sababu haikudhaniwa tu, ilijulikana. Tena ilipimwa hatua kwa hatua, kwanza kwa panya, na mwisho kwa watu.

BASI TUFANYE NINI NYUMBANI?

Tuseme mtoto ana homa usiku. Mama anampa parasetamoli. Homa inashuka, kisha inarudi. Anampa tena. Shangazi anakuja na dawa ya maji ya mafua, naye anampa, pasipo kujua kwamba ndani yake imo parasetamoli pia. Siku ya pili wanaongeza kipimo. Nao wanafanya hivyo kwa upendo! Lakini ghala la maini linakwisha, na malaria iliyoleta homa haijaguswa hata kidogo. Kwa hiyo shikeni maneno haya:

1. Mtu mzima ameze kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kwa mara moja. Angoje saa 4 mpaka 6 kabla ya kumeza tena. Asipite vidonge 8 katika mchana na usiku mmoja.

2. Mtu aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa maini, au anywaye pombe nyingi, akiba yake ni ndogo. Amwulize muuguzi kwanza, maana kipimo chake ni pungufu.

3. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, si kijiko cha jikoni. Usimkatie mtoto kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

4. Soma jina la kila dawa. Dawa nyingi za mafua na maumivu zina parasetamoli ndani yake. Usizichanganye.

5. Homa isiyoondoka haitaki vidonge zaidi. Inataka damu ipimwe. Mlete mgonjwa siku ileile.

6. Vidonge viwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki.

7. Kama mtu amemeza parasetamoli kupita kiasi, msingoje aonekane mgonjwa. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Siku ya kwanza huweza kutapika kidogo tu, au asione neno lolote. Maumivu chini ya mbavu za kuume na macho ya manjano huja siku ya pili au ya tatu, wakati maini yameumia tayari. Msipoteze saa kwa kumpa maziwa au mawese. Mleteni hospitalini mara moja, pamoja na pakiti ya dawa, na mseme alimeza vingapi na saa ngapi. Si kila kituo kina asetilisisteini; kwa hiyo mkija mapema, kuna nafasi ya kumpeleka mahali ilipo. Hata akichelewa kupita saa 8, mleteni, maana dawa huweza kusaidia bado.

8. Kama alimeza kwa sababu ya uchungu wa moyo, msimkemee wala msimfiche kwa aibu. Mleteni vilevile, na mmoja wenu akae naye. Maini yake yanahitaji dawa, naye anahitaji ndugu.

Na yule muuzaji wa chupa? Mjibuni kwa adabu, kisha mwacheni aende zake. Mtu mwenye afya hujenga akiba ya glutathioni kwa chakula chake: maharagi, karanga, samaki, mayai, nyama ikipatikana, pamoja na sombe, lengalenga na matunda. Mbuzi wako abaki zizini.

MASWALI YA KUKUMBUSHA

1. Katika labo, sahani ya kwanza na ya nne ni za nini?
2. Watoto wa Malawi wametufundisha nini?
3. Mtu mzima asipite vidonge vingapi vya parasetamoli kwa siku?
4. Jirani yako amemeza vidonge vingi asubuhi, naye anasema hasikii neno. Utafanya nini, na kwa nini hutangoja kesho?